Hotuba ya Kuzindua Tanuri la Majirani, Kakuma

Mimi, Mheshimiwa Amuria, ndiye yule ambaye jua la Kakuma humwomba ruhusa kabla ya kuchomoza, na aliyeacha shule darasa la saba kwa hiari yake baada ya kugundua kwamba walimu wanamchelewesha. (Kicheko kutoka nyuma.) Cheka, Baudouin, cheka. Huko kwenu Kongo hukuwahi kuona mwenyekiti wa saizi hii.

Mwakilishi wa chifu, wachungaji wa makanisa yote, wenyeji mliotoka Lopur kwa miguu, ndugu zetu wakimbizi, mastekholda, wake zangu: ejok! (Umati: "Ejok!")

Kama mjuavyo, wafadhili walitoa ruzuku ndogo kwa miradi ya wakaazi wenyewe, ya kuwakutanisha majirani. Wazo lilitoka kwa hawa mama wawili, Christelle wa Burundi, mwoka mikate, na Nangiro, mwenyeji, muuza makaa. Tanuri moja, unga wa huyu, makaa ya yule, mkate wa wote. Kawazo kadogo tu. Mimi nikakatia akili! Nikakafanyia fizibiliti stadi, nikaunda kamati ndogo ya kuisimamia kamati kubwa, kisha tukateremka Lodwar kwa warsha ya kujenga uwezo, ambako tulikula samaki kwa niaba yenu mpaka asilimia tisini na tisa ya uwezo ikajengeka. (Makofi ya mtu mmoja, karani wa kamati.)

(Christelle: "Mheshimiwa, fupisha, baba! Unga umeumuka unamwagika nje ya beseni. Ulisema nikande wote, tanuri linawashwa leo. Ndio wote wa nyumba, watoto hawana mwingine!")

Subira, mama. Hata unga umesimama kunisikiliza. Tanuri hili lililofunikwa hapa kwa turubai litaoka mikate mpaka watu wa Lokichar waulizane harufu inatoka wapi...

(Nangiro anainua pembe ya turubai. "Ni viti," anasema. "Viti vya plastiki. Vya kanisa letu.")

Nangiro, usivuruge itifaki! Hiyo ni awamu ya kwanza. Nani ataoka akiwa amesimama?

(Nangiro: "Dada Christelle, mwache apige domo. Lete beseni kwangu, makaa yanawaka, tutaoka kwa sufuria kabla huo unga haujaharibika." Baudouin anashika upande mmoja wa beseni. "Shefu, mkubwa wetu, bakia na viti!" Watu wanainuka, wanawafuata.)

Naam! Wenyeji na wakimbizi, beseni moja! Karani, andika kwenye ripoti... karani, hata wewe? Semeni nami: Tanuri moja! Ujirani juu! (Mbuzi analia.)

Basi nawashukuru wafadhili, nashukuru hoteli ya Lodwar, najishukuru mimi. Kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa... Jamani, hiyo harufu imenifikia. Nibakishieni mkate mmoja, hata ulioungua. (Nangiro, kutoka kwenye makaa: "Kwanza sema tanuri liko wapi!") Haya, nakiri, nakiri! Tanuri hatukujenga. Hata tofali moja hatukununua.