Siku Tano Kabla ya Waranti Kuisha

Jumatatu, 3 Februari. Duluth. Baridi ya kupasua mawe.

Barua imefika. Waranti ya kiwanda ya gari letu inakwisha Ijumaa. Baada ya hapo kila kitakachoharibika ni juu yangu. Nimeisoma mara nne nikiwa nimesimama, koti mwilini. Coralie, mke wangu, kasema nivue viatu, naingiza theluji jikoni.

Yeye hana wasiwasi. Ajabu, maana ni yeye niliyekaa naye saa mbili kando ya barabara majira ya baridi yaliyopita, alteneta imekufa, vidole vyake vimekuwa vyeupe kama mishumaa. Hakulalamika. Afadhali angelalamika. Na sasa Maren, binti yetu, atajifungua kule Fargo wiki mbili zijazo. Maili mia mbili na hamsini. Lazima tufike.

Niongeze waranti au nisiongeze? Nimemuuliza shemeji yangu Duane, kaka yake Coralie, anayekaa ng'ambo ya barabara na pikapu yenye umri wa miaka ishirini na miwili. Kanijibu kwamba waranti ya kuongeza ni kumlipa mtu akutie hofu. Pikapu yake haina hata kioo cha kati cha kutazamia nyuma. Simsikilizi.

Jumanne, 4

Nimekwenda kwa waliotuuzia gari. Bi Kessler, anayeshughulikia waranti, kanimiminia kahawa na kunitajia vitu vinavyoweza kufa. Giaboksi. Pampu ya maji. Kompyuta ya breki. Kompyuta ya milango. Sikujua kwamba milango ina kompyuta. Nimeamka leo nikiwa na gari moja. Nimerudi nyumbani na vipuri mia tatu, vyote mahututi.

Sikutia sahihi. Nilisema nitashauriana na mke wangu. Uongo. Nina mpango. Kabla ya Ijumaa nitawapelekea kila ugonjwa uliojificha, wautibu bure kwa waranti ya zamani. Mpya ya nini tena? Sijui kwa nini watu wote hawafanyi hivi.

Jumatano, 5

Nimepata ugonjwa! Mluzi mwembamba, kila nikipita maili arobaini kwa saa. Mbio hadi gereji. Fundi mkuu, Rolf, mtu mpole mwenye mikono kama makoleo, kapanda nami. Tumekwenda na kurudi kando ya ziwa. Mluzi kausikia hata yeye. Kafungua dirisha, kalifunga. Kazima hita. Mwisho kaniomba nishuke, kaendesha peke yake. Karudi, kazima injini.

“Mzee,” akasema, “gari ni zima. Mluzi unatoka puani mwako. Legeza mikono kwenye usukani, upumue.”

Sijamwambia Coralie. Duane ameshajua, sijui kwa njia gani. Jioni kapita mbele ya dirisha letu akipiga mluzi.

Alhamisi, 6

Simu. Sauti ya mwanamume, tamu kama sharubati. Amekuwa akinitafuta kuhusu waranti ya gari langu. Kaniuliza hali yangu, na akangoja jibu. Humu nyumbani hakuna aliyeniuliza tangu Jumatatu. Kasema leo ndiyo siku ya mwisho. Nikamwambia ni kesho. Kasema kwao ni leo. Nikampa namba ya kadi. Coralie alikuwa kanisani na wenzake, wanapika chakula cha msiba. Bei siiandiki hapa. Coralie anaweza kuusoma mwandiko wangu.

Nikala viazi kwa amani. Amani ya saa nzima. Kisha swali likanijia: yule ni nani? Hata jina la kampuni sikushika.

Ijumaa, 7

Nimeshindwa kustahimili. Nimekwenda kwa Bi Kessler, nimetia sahihi na kwake pia. Sasa ninazo mbili. Ile ikiwa ya matapeli, hii ipo. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, wanasema. Mimi nategemea vya wawili. Kanipa kijitabu cha kurasa thelathini na moja.

Jumamosi, 8

Nimesoma kijitabu na kahawa ya asubuhi. Ukurasa wa kumi na tisa: waranti inaanza kazi baada ya siku thelathini. Nimewapigia wale wa simu, kwa namba ile ile waliyonipigia. Yao hivyo hivyo. Kwa hiyo leo, kwa mara ya kwanza tangu tulinunue, gari letu liko uchi.

Saa tatu Maren akapiga simu. Uchungu umeanza.

Nikamweleza Coralie, kwa utulivu, kwamba ingefaa tungoje kidogo, hadi tarehe tisa Machi. Alikuwa ameshavaa buti.

“Verlin, mtoto hatangoja karatasi zako. Mimi naenda na Duane. Wewe baki ulilinde gari.”

Wakaondoka na pikapu. Nikakaa jikoni dakika kumi. Kimya cha nyumba ile sikukiweza. Nikawafuata. Polepole. Redio nimezima nisikilize injini. Macho kwenye geji ya joto, sikio kwenye giaboksi. Maili mia mbili bila kosa. Kupita kidogo mji wa Hawley gari likakohoa mara mbili, likazimika. Nikajua: giaboksi. Au pampu. Au ile kompyuta ya milango.

Ilikuwa petroli. Geji hiyo sikuitazama.

Nikampigia Duane. Akiwa ameshamfikisha Coralie hospitali, alirudi maili ishirini na dumu. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Alimimina mafuta, akaniambia nimepata mjukuu, msichana, na kwamba dada yake alimshika Maren mkono hadi mwisho. Mkono wa pili ulikuwa wangu kuushika. Mimi nilikuwa kando ya barabara, napuliza vidole.

Jumapili, 9. Fargo.

Nimempakata. Solveig. Uzito wa paka, sauti ya honi. Nimelia, sioni aibu. Nimemwomba Coralie radhi. Kanisamehe kwa sharti: kesho nifute waranti zote mbili, na nisitie sahihi kitu chochote bila yeye. Nimeapa, mtoto mikononi. Niliapa kwa moyo wote.

Mchana nikatumwa pamoja na mkwe wangu, Tobin, mume wa Maren, tukachukue kigari cha mtoto dukani. Tobin akatoka kufungua buti ya gari lake. Binti wa kaunta akaniuliza kama nataka waranti ya miaka mitano. Nikamwambia hapana, nimeapa. Akasema sawa, hakuna neno. Kisha akataja, kwa upole tu, magurudumu. Yako manne.

Nimechukua ya miaka saba. Wakati huo Solveig atakuwa shuleni, lakini nani ajuaye, huenda akachoka kutembea.