Kijitabu Changu Kimepoteza Sangara wa Mama Kabula

Leo nimejiaibisha mchana kweupe, mbele ya darasa zima. Walioona wameshaanza kusambaza habari, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe.

Mnajua nafundisha kompyuta hapa Kirumba. Tangu biashara ifunguliwe kwa watu binafsi, kila kiwanda cha samaki kinataka karani anayejua kuandika programu. Lakini kitabu cha lugha ya BASIC kilichokuja na mashine ni Kiingereza kigumu, wanafunzi wanakikwepa kama mamba. Nikaandika kijitabu cha Kiswahili. Mkuu wetu, Bwana Deo, hakukipenda. "Kompyuta ni Kiingereza," anasema. Tukakubaliana kijaribiwe leo. Kikifaa, kichapishwe. Kisipofaa, kikafungiwe maandazi.

Wa kukijaribu alikuwa Mama Kabula, karani wa kiwandani. Nikatangaza kwamba atakayepotea akiwa na kijitabu changu, kapenda mwenyewe. (Sijui nani aliniroga.)

Asubuhi nzima mama aliandika programu ya kujumlisha uzito wa sangara, kwa kidole kimoja. Kioo cha kompyuta kikajaa. Akapekua kijitabu, akaandika neno, akabonyeza Enter. Kisha akaniita taratibu.

"Mwalimu, sangara wangu siwaoni."

Nikaangalia. Programu yote imefutika.

"Mama, hukufuata kijitabu," nikasema kwa kujisikia. "Hebu soma kwa sauti, wenzako wajifunze."

Akavaa miwani. "Ukitaka ukurasa mpya, andika NEW."

Mimi nilimaanisha programu mpya, maana NEW inafuta yote yaliyopo. Mama alitaka nafasi ya kuendelea kuandika tu. Nani angejua? (Mwandishi, labda.)

Bwana Deo alicheka mpaka akashika ukuta. "Si nilisema? Kiswahili chako hicho."

Hapo hasira zikanipanda. "Kosa ni langu, Bwana Deo. Kiswahili hakijakosa kitu."

Nikachukua kalamu, nikakata ule mstari mbele yao, nikaandika: NEW inafuta kazi yako yote na hairudi. Hifadhi kwanza. Nikampa mama.

"Hii naielewa," akasema. "Imeniuma, lakini naielewa."

Tukakaa wawili, yeye akikumbuka, mimi nikichapa, mpaka sangara wakarudi wote. Bwana Deo bado hajakubali kukichapisha. Kesho nampelekea tena, na akikataa nitarudi nacho keshokutwa.

Nyie mnaotaka kunicheka, ruksa. Ila mnicheke kwa Kiswahili.