Wapangaji wa Tumbo Langu

Jumatatu, 4 Machi

Kliniki. Sista kapima sukari, kakunja uso, kaandika. Kaandika kwa muda mrefu mno, sikupenda. Jumatatu ijayo nirudi kwa kipimo kikubwa, na kikitoka vibaya naanza kujidunga insulini. Kujidunga! Mimi! Ni kweli mimi ni fundi cherehani, kutwa nachezea sindano. Lakini sindano zangu zinachoma kitambaa, na kitambaa hakina roho.

Sista akanieleza habari mpya. Eti tumboni mwangu wanaishi bakteria chungu nzima. Wale wazuri wakishiba, wanalinda ukuta wa utumbo na kuituliza kinga ya mwili. Wakidhoofika, kinga inapigana ovyo kama askari aliyekosa kazi, na insulini inazidi kushindwa kazi yake. Walishe, akasema. Kunde, mboga za majani, nafaka isiyokobolewa. Hilo la kuwalisha nimelielewa vizuri sana.

Akauliza kidole changu kimefanyaje. Nikamwambia nimejichoma na sindano. Akauliza lini. Nikamsifia viatu vyake.

Jumanne, 5 Machi

Nimewaza. Hawa bakteria ni wapangaji wangu wa siku nyingi. Nimewalea kwa keki na biskuti. Leo niwaamshie kunde bila taarifa, si watahama? Lazima mabadiliko yaende polepole. Nimenunua biskuti ambazo pakiti yake imechorwa shuke la ngano. Shuke si nafaka? Nimezificha kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo, maana mke wangu amefunga kabati la sukari na ufunguo analala nao.

Pasi amenikera leo. Pasi ni fundi mwenzangu, tunatazamana cherehani kwa cherehani. Jina hilo kapewa kwa ajili ya suruali zake zisizo na kunyanzi hata moja. Naye ana sukari, naye ana kliniki Jumatatu. Anakula kunde mbele yangu, anatafuna taratibu, macho kwangu. Halafu akatunga uzi kwenye sindano mara moja tu, tena huku akipiga mluzi. Mimi nimehangaika na uzi wangu mpaka jasho likanitoka. Nyuzi za siku hizi zimeharibika kabisa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimegundua siri ya Pasi! Ana chupa ya maziwa mgando, anayagandisha mwenyewe. Bakteria waliomkondesha wamo humo humo. Alipotoka kwenda kumpima mteja, nikajimiminia kikombe. Uchachu huo! Nikatia sukari vijiko kadhaa, maana wageni hawapokewi mikono mitupu.

Saa moja baadaye, vita. Wapangaji wa zamani na wageni hawakusikilizana. Nimeshinda chooni. Pasi akaja kuniuliza kupitia mlangoni kama nimemwona aliyefungua chupa yake. Mimi nikanyamaza. Tumbo likamjibu.

Ijumaa, 8 Machi

Mke wangu amehamia kibandani kwetu pa kushonea. Anasema amekuja kunisaidia kushona vifungo. Vifungo viko droo gani? Nimepata akili haraka: nikazihamishia biskuti kwenye mfuko wa ndani wa koti la bwana harusi mmoja, mteja wangu, lililokuwa limetundikwa ukutani. Nani atapekua koti la mtu? Wakati mwingine najishangaa kwa ujanja wangu.

Jumamosi, 9 Machi

Bwana harusi amekuja kujaribu koti. Nililisahau kabisa! Akasimama mbele ya kioo, akavimba kifua, akatia mkono mfukoni. Ukatoka na nusu biskuti na sisimizi mkono mzima. Aliruka huyo! Nikamweleza kwamba mafundi wakubwa huweka kitu kitamu mfukoni ili ndoa iwe tamu. Pasi akasema yeye hajawahi kusikia kitu kama hicho.

Mke wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniuliza tu kama siku ya harusi ya binti yetu nataka kuliona gauni, au nataka kusimuliwa. Baba yake mzazi alikuwa na sukari, naye alimaliza miaka yake kwa kusimuliwa.

Jumapili, 10 Machi

Mpango wa mwisho. Leo sili kitu, maji tu. Kesho damu yangu itakuwa safi kama jora jipya. Mke wangu kanikaripia kwamba nitaanguka, nikamwambia aniache. Macho yanazunguka. Nimeshona mkono wa shati kwenye kiuno cha suruali. Vumilia, fundi.

Jumatatu, 11 Machi

Wee! Nilikaa mbele ya Sista nikitabasamu. Akachukua damu. Ndipo akanieleza kwamba kipimo kikubwa hakiulizi habari za jana, kinaonyesha sukari ilivyokwenda miezi kama mitatu iliyopita. Miezi mitatu! Damu yangu mwenyewe, mbona mmbea hivi?

Pasi katoka na sukari iliyoshuka. Mluzi wake niliusikia mpaka getini.

Mimi, insulini. Nikafumba macho, nikamshika mke wangu mkono, nikamwambia Sista aanze, niko tayari. Akasema ameshamaliza. Mke wangu akacheka, halafu akalia, halafu akacheka tena. Daktari akanichungulia macho, nikamlalamikia habari za nyuzi. Anasema uzi hauna kosa. Macho yameanza kuguswa, ila yanaokoka nikisikia la mtu. Nimeogopa. Naandika hapa tu: nimeogopa sana.

Jumatano, 13 Machi

Asubuhi nimekuta sindano zangu zote zimetungwa nyuzi, zimechomekwa kwenye kimto chao, kila rangi na yake. Mke wangu aliwahi kibandani kabla sijaamka. Nilimkuta anafagia. Nikainamia cherehani nikajifanya natia mafuta, kumbe nafuta machozi. Nampenda mwanamke huyu. Nikaapa: kunde, mboga, sindano yangu kila siku, basi.

Mchana nimekula kunde, bakuli zima, mbele ya Pasi. Akanipa mkono. Nimejisikia mtu mpya.

Sasa mtu mpya amewaza. Wapangaji wameshapata kunde zao. Insulini nayo imeajiriwa, lazima ipewe kazi, vinginevyo itazubaa kama wale askari. Biskuti moja kwa ajili yake si dhambi. Pakiti mpya nimeificha kwenye droo ya Pasi, nani atamshuku mtu mwembamba vile? Yeye kaenda kumpima mteja, na mke wangu nimemtuma uzi mweusi.

Pakiti ninayo mkononi. Nataka kwanza nisome kama tarehe yake imepita, maana afya ni kitu cha kuangalia. Nimeisogeza karibu, nimeipeleka mbali, nimetoka nayo juani. Wapi! Maandishi ya siku hizi nayo yameharibika.