Galaksi Iliyosukumwa Pembeni Irudishwe Katikati

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa sayansi,

Shikamoo kama umenizidi umri, ingawa sidhani. Mimi ni fundi saa, na kazi hii nimeifanya miaka arobaini na mmoja. Darasani nilikaa miaka mitatu tu, ikanitosha. Gazeti lako nalisoma mwenyewe, hata matangazo ya vifo. Habari yenu ya ile galaksi ya mbali imenikera. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmeandika kwamba imezeeka, haizai tena nyota mpya. Hapo hapo mnasema mwanga wake umesafiri miaka milioni sitini kutufikia. Sasa habari iliyochacha hivyo unaichapaje bila kwenda kuuliza hali? Huenda imeshazaa mapacha.

2. Mmesema ina umbo la dengu. Nimeikagua picha kwa lenzi yangu ya kazini. Ile ni saa ya mfukoni iliyotazamwa ubavuni. Mtu mzima haitwi dengu.

3. Hili ndilo lililonichoma. Kundi lina galaksi saba, na hii, mkubwa wao, mmeiweka pembeni kabisa. Najua mambo haya yanavyoanza. Mpwa wangu, niliyemfundisha kazi kwa mikono hii, alipoanza kutengeneza simu aliihamisha meza yangu kutoka katikati ya duka hadi mlangoni. Eti, "Mjomba, hapo utapata hewa." Hewa! Tangu siku hiyo wateja wananiuliza mimi fundi yuko wapi.

4. Kwa hiyo chapeni picha upya, galaksi hiyo ikiwa katikati na zile sita zikiizunguka kwa adabu. Zikigoma, ziitiwe kikao, mwenyekiti nipo. Picha iwe kubwa, nitaibandika dukani usawa wa macho ya mpwa wangu.

Nisalimie wapiga chapa, mlinzi wa getini, na yeyote mwenye ndugu kule juu.

Wako asiyerudi nyuma,
Fundi Saa, bado kazini

Nyongeza: Mpwa wangu ameichungulia barua hii begani kwangu, akaibeba meza yangu na kuirudisha katikati. Nimekaa huku tangu asubuhi. Kuna giza, moshi wa kuchomelea simu unaniingia puani, na hakuna mpita njia hata mmoja aliyenisalimu. Saa ya mwalimu mmoja, mteja wangu, nimeifungua mara mbili nisiione skrubu. Galaksi iacheni hapo hapo ilipo. Mimi nami nimekubali kurudi mlangoni, ila ni kwa kumhurumia tu mtoto wa dada yangu, maana meza ni nzito na ameshaikodolea macho.