Keki Zisizo na Mchicha

Jumatatu, tarehe 9 Juni
Binti yangu ametangaza kwa simu, saa mbili asubuhi, kwamba Jumamosi mjukuu anatimiza miaka saba, na babu na bibi watashindana. Kila mmoja alete sinia moja. Atakayewalisha watoto vizuri ndiye atakayempikia mjukuu chakula cha mchana muhula mzima, amchukue shuleni saa saba na kukaa naye hadi jioni. Muhula unaanza Jumatatu ijayo.

Sharti: chakula kiwe cha sherehe na kiwe cha afya. Nikauliza vinawezekanaje vyote viwili. Akasema miaka thelathini na moja gazetini nimewauliza watu maswali, sasa na mimi nijibu moja.

Mpinzani wangu ni mama wa mkwe wangu, muuguzi mstaafu. Mjukuu anamwita Bibi Sindano.

Nyumbani kwangu, kuanzia saa saba hadi jioni, kinachosikika ni saa ya ukutani. Muhula huu nautaka.

Jumanne, tarehe 10
Nimemhoji mjukuu. Amesema anapenda karoti. Dakika kumi baadaye akasema karoti ni chakula cha sungura. Nikamuuliza nishike kauli ipi. Akasema zote. Akaona naandika, akasema Babu, usiandike. Nimeandika.

Sijaelewa. Mtoto huyu amejifunza kusoma mwaka huu na sasa anasoma kila kitu kwa sauti, hata boksi la dawa yangu ya presha. Ila kuhusu karoti hana msimamo.

Jumatano, tarehe 11
Muuza mboga wa kona amethibitisha: Bibi Sindano ameagiza tikiti maji moja. Basi. Nikampigia mwenyewe. Atalifanya nini? Atalikata. Ndani ataficha nini? Akasema mle ndani mna mbegu, mkwe, wala hakuziweka yeye.

Haiwezekani. Mtu hashindani kwa tikiti. Kuna jambo ananificha.

Alhamisi, tarehe 12
Mkakati umepatikana. Keki ndogo, ndani mchicha uliosagwa. Watoto watakula sherehe, afya itapita kimyakimya.

Jaribio la kwanza lilitoka na rangi ya gari la jeshi. Nikampa jirani, fundi viatu. Akaigeuza, akanusa, akauliza hii ni ya kula au ya kupaka. La pili nikaongeza kakao. Rangi ikawa ya tope, lakini tamu. Fundi alikula mbili na hakutaja mboga yoyote. Nilimuuliza mara tatu kama amehisi mchicha. Mara ya tatu akaacha kutafuna, akaniangalia.

Ijumaa, tarehe 13
Keki ishirini na nne tayari. Juu nimepaka malai, na juu ya malai zabibu moja moja.

Wasiwasi mmoja: je, mtoto akishuku? Nimeziba mwanya huo mapema. Nimeandika kibao cha kusimamisha mbele ya sinia: KEKI HIZI HAZINA MCHICHA. Herufi kubwa, nafasi za kutosha, ili hata aliyeanza kusoma juzi asipate taabu.

Jumamosi, tarehe 14
Watoto kumi na mmoja. Sinia zilifunuliwa saa nane na dakika tano.

Mtoto wa kwanza alinyoosha mkono, akaona kibao, akasoma: ha-zi-na m-chi-cha. Akarudisha mkono. Wa pili akaniuliza nani alisema zina mchicha. Nikakohoa. Swali hilo hilo nimewauliza wakubwa wa ofisi nyingi, nao walikohoa kama nilivyokohoa mimi.

Tikiti liliisha kwa dakika tisa. Lilikuwa tikiti tu. Nimekagua maganda.

Keki iliyoliwa ni moja. Mkwe wangu aliichukua kwa nyuma ya kibao, akasifu, akafuata ya pili kwa mbele. Akasoma kibao. Akairudisha.

Nikaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, nikafungua chakula changu cha mchana, kile ninachobeba tangu enzi za kazi: mayai mawili ya kuchemsha, viazi vya chumvi, ndizi. Mjukuu akaja. Hiki nini, Babu? Chakula changu, nikasema, hakimo kwenye sherehe. Akaomba kidogo tu. Wakaja wengine wanne. Nikawaambia wazi kwamba hakigawanywi. Wakagawana. Nikabaki na maganda ya mayai.

Sijaelewa kabisa. Ule haukuwa mkakati wowote. Ilikuwa njaa yangu.

Jumapili, tarehe 15
Binti amekuja na uamuzi saa nne. Sinia bora: Bibi Sindano, bila ubishi. Lakini mjukuu aliulizwa muhula huu anataka kula nini, akajibu chakula cha Babu, kile cha kwenye ngazi. Bibi Sindano mwenyewe amekubali, akasema yeye atabaki na matikiti.

Kwa hiyo saa saba ni zangu. Nimemwomba binti arudie kauli hiyo. Amerudia.

Sharti ni moja. Baba, yai liwe yai, kiazi kiwe kiazi. Usifiche kitu. Nikasema sawa. Akasema niseme tena huku namwangalia. Nikasema.

Jioni nimefikiri. Mpango umefaulu nusu. Yai limependwa, tatizo la mchicha lilikuwa keki. Nimempigia Bibi Sindano kumwomba bomba moja jipya la sindano. Akauliza la nini. La kumwagilia maua, nikasema. Akauliza maua yangu yanachanjwa nini, mkwe. Ameleta hata hivyo.

Mchicha umesagwa na kuchujwa. Mayai yanachemshwa kesho saa kumi na mbili kasorobo, saa sita na nusu niko getini. Kibandiko cha kifuniko cha mkebe wa chakula kimeshakauka: YAI HILI HALIJADUNGWA KITU.