Kazi Iishie Mlangoni

Jumatatu, 14 Julai

Nimedharauliwa. Tena ndani ya nyumba yangu, ambayo mabati yake niliyabeba kichwani mwenyewe!

Mambo yalianza hivi. Bitutu, mke wangu, aliteleza juzi akitoka kisimani, kifundo cha mguu kikavimba kama boga. Daktari alisema asikanyage chini. Basi analala sebuleni kwenye godoro, karibu na jiko la makaa, na kutoka hapo anatawala. Mimi nimeachiwa kuchuma chai. Namba ya mkulima kwenye kituo cha kununulia majani ni yake, jina ni lake, na gunia lake halijawahi kurudishwa na karani hata siku moja. Ndiyo maana mwezi huu jina lake litapakwa rangi kwenye ukuta wa kituo: MKULIMA WA MAJANI SAFI. Analiombea jambo hilo hata kabla ya uji. Asipopata yeye, atapata Nyangate, mke wa Ratemo. Ratemo ni jirani yangu, tena mwenyekiti wa kituo, tena ana tumbo linalofika mahali kabla yake.

Leo nimerudi na kikapu cha majani, nikakitua sebuleni nipumue. Kinyonga akatoka ndani. Ni kosa langu? Mimi nimemzaa? Akapanda blanketi, akaelekea mguu mbaya. Bitutu akaruka, na kwa hasira akaangukia mguu uo huo. Kelele zilisikika mpaka soko la Kebirigo.

Sheria ikatoka papo hapo. Kuanzia leo kazi iishie mlangoni. Jua likizama, hakuna kikapu, hakuna gunia, hakuna hata jani moja sebuleni.

Sawa. Lakini Sheila? Sheila ni mwalimu wa shule ya msingi, mke wa kijana wetu aliye Nairobi, amehamia kwetu amuuguze mama mkwe wake. Kila jioni anafungua kompyuta kwenye meza yangu na kuingiza alama za watoto mpaka makaa yanakuwa majivu. Hiyo si kazi? Nikauliza. Bitutu akanijibu kwamba kompyuta haina kinyonga. Kisha akamwambia Sheila ajiongezee chai, mwalimu amechoka.

Na mimi? Mimi nimetoka wapi? Arusini?

Jumanne, 15 Julai

Mchana nililala kidogo katikati ya michai. Kidogo tu. Nilipofika kituoni, lori lilikuwa linanionyesha mgongo.

Karani Nyamongo, kijana mwenye kalamu sikioni na maneno ya askofu, amenihubiria mbele ya watu. Kwamba majani yaliyolala hayapokelewi. Kwamba yakilundikwa yanapata joto, yanaiva, yanakuwa mekundu, yanaharibu lori zima. Kwamba haya niwape ng'ombe. Ng'ombe! Ng'ombe wa nani anakunywa chai?

Ratemo alikuwa amekaa kwenye mizani kama gunia lisilo na mwenyewe. Akasema mzee Abner siku hizi anachuma akiota. Wanawake wakacheka. Nyangate wake alicheka mpaka akashika ukuta. Ule ukuta! Nadhani alikuwa anapima jina lake litatoshea wapi.

Nimerudi nyumbani na gunia na hasira. Sebuleni hapapitiki: upande huu malkia, upande ule kompyuta. Nikasimama nje kwenye ndizi nikafikiri. Bitutu alisema mlangoni. Dirisha hakulitaja.

Chumba chetu cha kulala kina dirisha zuri. Bitutu hawezi kutembea kufika huko. Na Sheila hawezi kuingia: mkaza mwana hakanyagi chumba cha baba mkwe hata nyumba ikishika moto. Ni heshima yetu ya tangu zamani, na leo imenifaa kuliko kufuli.

Nimesukuma gunia ndani, nikalifuata kwa kichwa. Nimeyatandaza majani kitandani. Yamejaa. Mimi nitalala pembeni.

Jumatano, 16 Julai

Ee Nyasae, Mungu wangu! Nimeamka natoka jasho. Mimi! Julai! Hapa kwetu Gesima!

Nilianza kulala pembeni kama mgeni. Baridi ikaniuma. Nikaingiza mguu mmoja kwenye majani. Yalikuwa na joto. Nikaingiza wa pili. Halafu nikajifukia mpaka kidevuni, boshori langu la sufu kichwani, nikalala kama ndama tumboni mwa mamake.

Niandike ukweli, maana kitabu hiki hakuna anayekisoma. Tangu Bitutu ahamie kwenye makaa, kitanda kile kimekuwa jiwe la mtoni. Miaka yote hii sikujua kwamba Gesima ina baridi. Kumbe ulikuwa mgongo wake. Na sikuwahi kuushukuru, maana nani anaamka asubuhi akaushukuru mgongo?

Leo nimechuma mapema majani mabichi, nikayaweka juu. Ya kitandani chini. Nyamongo aliingiza mkono mpaka kwenye saa yake akasema safi. Safi! Nilimpa Ratemo kicheko cha kumtosha wiki nzima.

Jioni Bitutu ameniuliza gunia limepita? Nikasema limepita. Alinifinya mkono. Akasema mzee wangu, usiniangushe, lile jina ndilo kitu pekee nilichowahi kukitaka ambacho hakiliwi na hakivaliwi.

Nimeguswa. Kisha Sheila akafungua kompyuta, nikaacha kuguswa.

Ijumaa, 18 Julai

Dunia hii haina haki hata kwa mwizi.

Jana nilichukua ule waya wa kuchajia kompyuta nikauzika kwenye pipa la wimbi. Nilitaka sheria iwe moja kwa wote. Kompyuta ikazima jioni. Sheila akatafuta chini ya meza, chini ya viti, mpaka chini ya kuku aliyetotoa. Nikamsaidia kutafuta. Nilitafuta kwa bidii kabisa. Akakosa, akafunga, akalala mapema.

Nilitegemea machozi. Leo amerudi kutoka shule anang'aa kama sufuria mpya! Anasema hajalala hivyo tangu aajiriwe. Amemwambia mwalimu mkuu, kwa heshima, kwamba kuanzia sasa alama zitaingizwa shuleni, na zisipoisha zitangoja asubuhi, watoto hawatakufa. Kompyuta ameiacha ofisini. Bitutu amemsifu hadi mbuzi wakageuka kutazama. Kisha akanigeukia mimi. Unaona, Abner? Unaona mtu mwenye akili anavyoiacha kazi mlangoni?

Akili! Akili iko kwenye pipa la wimbi, na aliyeiweka huko ni mimi! Nani ananisifu?

Kwa uchungu nimechelewa lori. Kwa makusudi. Usiku utakuwa baridi, na mtu lazima ajipende.

Shida moja: Bitutu ni Msabato wa kweli, na mimi ni Msabato wa kumfuata. Jua lilizama nikiwa katikati ya dirisha. Nusu ya mbele ilikuwa tayari Sabato chumbani, nusu ya nyuma bado Ijumaa kwenye ndizi. Sikujua ipi niitii. Nilivuta yote ndani.

Jumamosi, 19 Julai

Leo ni Sabato, kituo hakinunui. Majani yamebaki kitandani. Yamejifanyia mambo. Katikati yanachoma kama kande. Rangi nayo, nikifungua pazia, siipendi, kwa hiyo nimefunga pazia.

Wamama wa Dorkasi, kundi la huruma la kanisani, wamekuja kumwombea Bitutu mguu. Katikati ya ombi refu mmoja akanusa, akauliza kama kuna anayepika chai wakati watu wamefumba macho. Bitutu akanusa pia. Akasema kuna harufu ya kiwanda humu ndani.

Nikasema ni mafuta ya Sheila ya kujipaka.

Sheila, ambaye huniita Tata, yaani baba, na kuniangalia miguu tu kwa adabu, alisema polepole: Tata, mafuta yangu ni ya nazi. Heshima ya mwanamke yule inaogofya.

Jumapili, 20 Julai, asubuhi

Boshori langu limeibwa! Lile la kijani lenye kishungi cha njano, alilonifumia Bitutu mwenyewe, hakuna la pili Nyamira nzima. Nililala nalo. Nimeamka kichwa wazi. Namshuku jogoo. Namshuku Ratemo. Nimetafuta chini ya kitanda, nyuma ya sanduku, kwenye viatu. Hakuna muda zaidi. Nimejaza gunia harakaharaka, mabichi juu. Nimelibana na goti.

Jumapili, jioni

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Nyamongo hakuingiza mkono. Alinusa, akamtazama Ratemo, akamwaga gunia lote kwenye turubai mbele ya foleni nzima. Kwanza yakatoka ya kijani. Kisha ya kahawia. Kisha mekundu, yanatoa moshi kama ugali. Na mwisho kabisa, likaanguka taratibu, likakaa juu ya lundo na kishungi chake kimesimama, boshori langu.

Kituo kizima kikalia kwa kicheko. Mama mmoja alilala chini. Ratemo aliliokota kwa vidole viwili kama panya, akauliza kwa sauti, jamani, chai huchumwa majani mawili na kichipukizi, mmea huu unachumwa majani mangapi?

Nikamwambia ni jogoo aliyeliweka. Hakuna aliyetaka kusikia habari za jogoo.

Kisha Ratemo akaacha kucheka, na hapo ndipo aliponichoma. Akasema namba ni ya Bitutu, gunia ni la Bitutu, basi limerudishwa la Bitutu. Ukutani ataandikwa mwingine. Nyangate alitazama chini, lakini kwa furaha.

Nimerudi nyumbani kupitia ndizi. Habari ilikuwa imefika kabla yangu. Bitutu hakupiga kelele. Ningependa apige. Alishika boshori nililorudi nalo, akang'oa jani moja jekundu kwenye ufumaji, akaliangalia, akageukia ukuta akiwa nalo mkononi.

Jumatatu, 21 Julai

Asubuhi Bitutu aliita bodaboda. Daktari alisema asikanyage. Akasema hakanyagi, anapanda. Sheila alipewa ruhusa ya saa moja shuleni, akamshika kiuno. Mimi nikafuata kwa miguu kama mbwa wa mtu mwingine.

Kituoni alisimama kwa fimbo mbele ya Ratemo na Nyamongo na foleni. Hakunitetea hata kidogo! Alisema wiki nzima amelala, na Gesima yote inajua, maana Gesima yote imekunywa chai yake ikimpa pole. Alisema atazameni majani ya gunia lile: lina vijiti, lina nyasi, lina majani magumu ya kufungia tumbaku. Bitutu binti wa nani aliwahi kuchuma vijiti? Kama mnataka kuandika aliyeharibu, andikeni Abner Ogoti, kwa rangi mnayotaka.

Wanawake wakapasuka. Wakasema ni kweli, Bitutu hachumi kuni. Yule aliyelala chini jana kwa kicheko ndiye aliyepaza sauti zaidi. Hata Nyangate, nani angeamini, akasema hataki jina lake juu ya ukuta kwa sababu ya kofia ya mwanamume.

Ratemo akakubali. Jina limebaki la Bitutu. Fundi amelipaka leo hii, herufi nyekundu, B kubwa kama mlango. Bitutu alipoliona, alilia.

Lakini mimi! Kamati ya kituo imeamua nisikanyage kituoni mpaka mguu wake upone. Wala nisiguse kikapu. Mtu mzima! Sheila atachuma asubuhi kabla ya shule na mtoto wa jirani atapeleka. Nimegeuzwa mlinzi wa kuku. Nani aliyeokoa usingizi wa Sheila? Nani aliyefanya wanawake wa kituo wapatane? Shukrani hakuna.

Bitutu amesema atarudi chumbani siku ile kitanda kitakapokoma kunuka kiwanda. Labda Ijumaa, akiona mashuka. Nimefua mashuka. Nimeyafua mara mbili, mimi mwenyewe, na yalipokuwa kwenye kamba watu walipita wakisalimu mashuka badala yangu.

Jumatano, 23 Julai

Mvua kubwa. Lori limekwama kwenye tope huko chini na halikufika. Kitanda ni kisafi na ni cha baridi kama kaburi la mzungu.

Jioni nasikia mtu anakohoa kwenye ndizi. Ratemo! Mwenyekiti, amelowa, ana magunia mawili ya Nyangate mgongoni. Alizungukazunguka kama mtu anayeuliza bei ya jeneza. Akasema nyumba yake inavuja. Akasema majani haya yakilala vibaya ataaibika kuliko mimi. Mwishowe akanong'ona: Abner, ndugu yangu, lile gunia lililokubaliwa Jumatano iliyopita, majani yake uliyalazaje?

Ndugu yake!

Nilimwacha asimame kwenye mvua kidogo. Nikamkumbusha panya wa vidole viwili. Kisha nikamwonyesha dirisha.

Si kazi yangu, hii ni kazi ya Ratemo. Sheria ya Bitutu ilihusu kazi yangu. Tena leo ni Jumatano na yeye atakuja Ijumaa, kesho alfajiri yatakuwa yametoka. Safari hii nimetumia akili: boshori nimelifunga kwa kamba chini ya kidevu.

Nimejifukia. Joto limeanza. Naandika nikiwa nimetoa mikono tu nje.

Kuna kitu kinagonga sakafu. Tok. Kimya. Tok.

Ni fimbo. Inatoka sebuleni. Anasema kwa sauti, tena ya upole ambayo sijaisikia siku nyingi, kwamba ameona mashuka kwenye kamba, na kwamba hangoji Ijumaa, usiku huu ni wa baridi na mzee wake anateseka peke yake.

Tok. Tok. Ameshika kitasa.

Nitamwambia ni godoro jipya.