Nani Anakunywa Betri Yangu?

Jumatatu, 4 Machi

Nimeibiwa! Si pikipiki. Pikipiki ipo, imeegemea ukuta wa uani, imetulia kama haina habari. Nimeibiwa umeme. Jana jioni betri ilikuwa nzima. Leo alfajiri nabonyeza stata: tik. Nabonyeza tena: tik, tik. Honi yangu ya nyimbo saba, inayojulikana mtaa mzima, imetoa mlio wa mbuzi mwenye mafua.

Mke wangu akauliza kwa nini nisipige kiki. Uchokozi mtupu! Anajua fika kwamba kiki niliing'oa mwenyewe nikampa muuza vyuma chakavu, naye akanipa honi. Mwanamume mwenye kitufe cha stata anapigia nini kiki?

Nimesukuma mpaka bekari. Nimefika jua limeshatoka, wenye maduka wanapiga simu kuulizia mikate yao. Mama Mkate, mwenye bekari, amesema hii ni mara ya pili. Ya tatu, mikate inabebwa na Kobe. Kobe! Dereva ambaye gia ya nne anaisikia kwa watu! Na mimi sina kazi nyingine duniani ila mikate hiyo.

Mchana nimefikiri sana. Fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta mmoja, redio yake inaimba kutwa. Umeme anautoa wapi? Ahaa. Jioni nimefunga king'ora kwenye pikipiki. Kina kijitaa chekundu cha kupepesa. Ukiigusa tu, kinapiga yowe. Sasa aje.

Jumanne, 5 Machi

Betri imekufa. Kijitaa kimezimika. King'ora hakikulia hata kidogo. Huyu mwizi si wa mchezo: kaiba umeme, na king'ora kakinyamazisha!

Aliyenisukuma mpaka pikipiki ikawaka ni fundi cherehani mwenyewe. Kaja bila kuitwa, futi yake shingoni, ananiambia pole jirani. Pole! Mtu asiye na hatia ataamkaje alfajiri kusukuma pikipiki isiyo yake? Bekari nimewahi kwa dakika mbili. Mama Mkate ametazama saa, akanitazama mimi, akarudi kwenye tanuri.

Mke wangu ananiambia niende kwa kaka yake, fundi wa betri, ataona tatizo nusu saa haijaisha. Nimemjibu kuwa bora nipande punda. Shemeji yule alinicheka siku ya harusi yetu, mbele ya watu, pikipiki iliponizimikia na bibi harusi yuko nyuma. Miaka tisa sasa. Sijasahau na sitasahau.

Nimeazima mita kwa fundi redio. Nikapima: volti kumi na mbili nukta sita. Betri nzima kabisa! Basi leo siiachi uani. Nimeifungua, nimeingia nayo chumbani.

Jumatano, 6 Machi

Ushindi! Betri imelala chini ya mto wangu, na asubuhi mita imesema kumi na mbili nukta sita, vilevile. Nimeirudisha mahali pake. Kubonyeza mara moja tu, pikipiki imenguruma. Bekari nimefika wa kwanza. Mama Mkate hakuamini macho yake. Nimempigia Kobe honi, nyimbo zote saba.

Ushahidi umetimia. Betri ikilala ndani, haiibiwi. Ikilala nje, inaibiwa. Mwizi yuko nje!

Mke wangu akasema, ikikaa kwenye pikipiki inaisha, ikitolewa haiishi, basi huenda pikipiki yenyewe ndiyo inayoinywa. Nimecheka. Pikipiki inywe betri yake yenyewe! Sikumjibu, nisije nikamwaibisha.

Saa nne akatandua kitanda. Kumbe betri ilivuja maji yake makali, yale ya asidi. Shuka aliyopewa na mama yake ina matundu kumi na moja. Ameyahesabu kwa sauti, moja moja, na dirisha liko wazi. Betri imepigwa marufuku chumbani. Na mimi nimekaribia.

Alhamisi, 7 Machi

Betri imelala nje, imekufa tena; nimesukuma mbio, bekari nimewahi kwa dakika moja. Nimemvaa fundi cherehani. Nimemwambia kistaarabu kwamba nyaya zake nazijua. Akaigeuza redio, akafungua kifuniko cha nyuma: betri nne ndogo, zile za tochi. Wateja wakaangua kicheko. Yeye alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Nimeomba radhi, kwa sauti ya chini lakini nimeomba.

Kumbe kuna mwizi mwingine, mkubwa zaidi. Leo jioni nimefunga taa mbili nyeupe chini ya kiti, ziwake mfululizo. Mwizi anapenda giza, mimi namnyima giza. Simu nayo nimeichomeka kwenye chaja ya pikipiki, inarekodi kila kitu. King'ora kiko palepale. Akipita hapo, atakuwa jini.

Ijumaa, 8 Machi

Ni jini.

Hakuna tik. Hakuna hata taa ya dashibodi. Simu nayo imejaa picha za ukuta, kisha giza.

Nimesukuma peke yangu. Fundi cherehani leo hakutoka, na sikuwa na uso wa kumgongea. Penye kilima Kobe akanikuta. Akasimama, akatoa kamba, akasema kaka nikuvute, tutawahi wote. Kuvutwa na Kobe! Nimemwambia napasha misuli. Akaniuliza mara ya pili, nikamwambia aende zake. Akaenda, polepole, gia ya pili kama kawaida yake.

Nilipofika, kreti zangu zilikuwa zinafungwa kwenye pikipiki yake. Mama Mkate hakufoka. Amesema tu kwamba watu wanahitaji mkate kabla ya kwenda kazini, si baada ya kurudi. Miaka minne nimebeba mikate ile.

Nyumbani nimemkuta mke wangu na sindano. Aliendelea kushona viraka kwenye shuka. Angenigombeza ningepata nafuu. Imeniuma. Imeniuma sana.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kwa shemeji. Ndiyo. Nimekwenda.

Benchi la wateja limejaa, kama walialikwa. Shemeji akaichaji betri kidogo kwanza. Akazima swichi, akatoa ufunguo, akaunganisha mita kati ya betri na waya wake. Akanionyesha: pikipiki imezimwa, na umeme unatoka. Akachomoa taa za chini ya kiti, namba ikashuka. Akachomoa king'ora, ikashuka tena. Akachomoa chaja, ikashuka. Akachomoa honi ya nyimbo saba, ikabaki sifuri.

Akasema betri imechoka kidogo lakini haijafa. Honi peke yake, nilivyoifunga, ilikuwa inainywa taratibu usiku kucha. Haya mengine niliyoongeza yalikuja kuimalizia. Mzee mmoja benchini akasema kikulacho ki nguoni mwako, na benchi zima likaitikia. Shemeji hakucheka. Nilimwangalia sana nimkamate anacheka, hakucheka.

Ameichaji betri mpaka ikajaa, ameifunga, vikorokoro vyangu vyote amevitia kwenye boksi akanikabidhi. Halafu akasema amezungumza na Mama Mkate. Kobe mwenyewe amekiri hawezi njia zote. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri nipewe nusu ya maduka, kwa majaribio. Nikichelewa, basi tena, asiniombee mtu.

Nilipomweleza mke wangu, aliweka sindano chini akanishika mkono. Akasema safari hii, tafadhali, niiache pikipiki kama ilivyo. Nimemwapia.

Jumapili, 10 Machi

Betri safi! Kumi na mbili nukta saba. Nimewasha mara sita kuhakikisha. Inaitika kila mara.

Ila kuna jambo linanikera. Kwa nini shemeji hakucheka? Mtu aliyenicheka harusini, ananipata nimeanguka hivi mbele ya benchi zima, na hacheki? Tena ananitafutia kazi? Tena betri yangu amekaa nayo saa tatu peke yake! Huyu ana lake jambo. Na kesho ndiyo kesho, sina nafasi nyingine. Siwezi kuiacha uani bila ulinzi usiku kama wa leo. Ningekuwa mjinga.

Mke wangu ameenda kumshukuru kaka yake. Nimefungua boksi.

Lakini mimi si mtu wa kurudia kosa. Mara ya kwanza vitu hivi vilipita kwenye waya wa pikipiki, ndiyo maana shemeji aliweza kuvichomoa kirahisi vile. Sasa nimeviunganisha moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, nikakaza na koleo: king'ora, taa zote mbili, chaja, honi. Nimeongeza na feni ndogo, maana betri iliyolindwa hivi lazima ipate joto.

Vyote vinawaka. Uani kumependeza kweli. Nimeiambia saa yangu iniamshe saa kumi na nusu, nami nalala mapema, roho kwatu.